Hatua Saba: Nilivyoingia Kwenye Matangazo, Nikatolewa, Nikarudi

Nilishuka stendi ya Ubungo Agosti 2014 nikitokea Mwanza, nimemaliza shahada ya mawasiliano ya umma, cheti chenyewe kikiwa hakijatoka. Nilifikia kwa shangazi, Tandika. Wiki ya pili nikaenda Mwenge kwenye steshenari, nikachapa CV arobaini, nikanunua na bahasha za kaki arobaini, nikaanza kuzigawa. Mikocheni, Msasani, Masaki, Kijitonyama: kila geti nililosikia nyuma yake kuna kampuni ya matangazo, nililigonga. Nilikuwa natembea na viatu vya visigino juani, ndala zangu zikiwa kwenye mkoba. Mlinzi anapokea bahasha, anaiweka juu ya nyingine zilizomtangulia, anasema, "Sawa dada, watakupigia."

Hakunipigia hata mmoja. Uchapaji, bahasha na nauli vilikula karibu Sh 90,000, zote za shangazi, zilizotoka kwenye hela yake ya maandazi. Leo niko upande wa ndani wa mageti yale, na najua bahasha zangu ziliishia wapi. Hazikufunguliwa, na hata zingefunguliwa, ndani hamkuwa na kitu. Kurasa tatu za masomo, semina, wadhamini, na ile sentensi kwamba mimi ni mchapakazi ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Hapakuwa na mstari mmoja wa tangazo niliowahi kuandika. Watu hawa hawana shida na shahada yako, ila hawawezi kuitazama wakajua unaandikaje. Wanataka waone kazi, hata iwe ya kujitungia, hata iwe uliifanya kitandani kwa shangazi yako. Kama chuoni tuliambiwa hivyo, basi siku hiyo mimi sikuwepo.

Mwezi wa kumi nikawa nakwenda Kariakoo kumsaidia binamu yangu, mtoto wa shangazi huyohuyo, aliyekuwa na meza ya kava za simu Mtaa wa Kongo. Meza ya pili yake alikuwa jamaa wa dawa ya panya, na spika yake ya betri iliyokuwa imeharibika sauti. Siku moja akaniambia, "Dada, wewe si umesomea kuongea? Nirekodie basi, nikupe elfu tano."

Nikaandika kama tulivyofundishwa. "Ndugu wateja wapendwa, tunayo furaha kubwa kuwatangazia dawa bora na ya uhakika ya kuulia panya," na kuendelea, sekunde arobaini. Nikarekodi kwa simu chooni, maana ndipo palipokuwa na utulivu. Akaipiga asubuhi nzima. Mchana akaniita, hakuwa amekasirika, akanisimamisha nyuma ya meza yake na kuniambia niangalie watu wanavyopita.

"Mtu akitokea pale kwa muuza soksi, mpaka anakipita kile kibanda cha vocha, ni hatua saba. Nimezihesabu. Akikipita hakusikii tena. Sasa wewe hatua saba zote umezimalizia kwenye 'ndugu wateja wapendwa'. Panya wenyewe hajawasikia."

Usiku ule nilikaa na daftari mpaka taa ikazimwa. Kesho yake nikarekodi hivi: "Panya kala sabuni. Kala kitenge. Jana kala daftari la mtoto. Leo mpe chake. Mia tano!" Basi. Sijui aliuza kiasi gani, sikuwahi kumwuliza, ila Jumamosi yake alimpa binamu yangu elfu tano nyingine aniletee nyumbani. Mpaka Krismasi nilikuwa nimewarekodia watu kumi na mmoja: dawa ya mende, chaja, soksi za shule, bibi mmoja wa ubuyu. Rekodi hizi hazina mwenyewe. Mtu anainakili kwenye flashi ya mwenzake, na yule anampa mwingine, hadi nikawa naisikia sauti yangu Mbagala na Buguruni kwa watu nisiowajua.

Na kwenye CV sikuandika hata neno moja kuhusu hayo. Niliona aibu. Msomi wa chuo kikuu, anauza panya.

Nafasi ya kwanza ndani ya ejensi (wenyewe ndivyo wanavyoita) niliipata Machi 2015, Kijitonyama, kampuni ndogo ya watu tisa. Sikupewa mshahara. Tulikubaliana kwa mdomo miezi mitatu ya kujifunza, nikakaa saba. Niwape hesabu, kwa sababu watu huwa wanaikwepa: magari mawili kwenda na mawili kurudi, Sh 400 kila gari, ni 1,600 kwa siku. Wali maharage wa mama lishe 1,500. Siku ishirini na nne kwa mwezi ni Sh 74,400. Kwa miezi saba nililipa zaidi ya nusu milioni ili niwafanyie watu kazi. Miezi mitatu ya kwanza siijutii, nilijifunza mengi. Minne iliyofuata ni ujinga wangu. Kila nikitaka kuuliza habari ya ajira, bosi alikuwa ananisifia, na sifa zilinifanya nione aibu kuuliza. Anayejitolea aombe barua yenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikifika, aulize. Wakisema "subiri kidogo", aage kwa heshima.

Pale ndipo nilipojua nyumba hizi zimepangwaje. Kuna watu wa akaunti, hao ndio wanaokaa na mteja, wanapokea brifu, yaani maelekezo ya kazi, wanabeba lawama zote. Kuna ubunifu: waandishi, tunaitwa kopiraita, na wasanii wa michoro. Kuna watu wa midia, wanaonunua muda wa redio na televisheni na nafasi za mabango. Kuna prodakshen, wanaosimamia kurekodi na kutengeneza tangazo lenyewe. Na kwenye kampuni kubwa kuna mtu wa trafiki, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila kitu kinatoka kwa wakati. Huyo mpende, maana ndiye anayejua nani anaondoka na nafasi ipi inafunguka kabla haijafika kwa watu wa rasilimali watu. Nafasi nyingi hazitangazwi gazetini. Zinatokea wiki mbili baada ya kampuni kushinda mteja mpya, watu hawatoshi, na anayechukuliwa ni yule ambaye jina lake linatajwa haraka. Nilipoteza mwaka mzima nikitaka kuingilia mlango wa ubunifu peke yake, wakati mlango wa akaunti ni mpana zaidi na watu wengi huhamia wakiwa tayari ndani.

Kazi yangu mimi hasa ilikuwa kutafsiri. Hili nataka nilikalie kidogo, maana bado lipo na litawakuta.

Brifu inakuja kwa Kiingereza. Mawazo yanapikwa kwa Kiingereza. Mteja anaidhinisha kwa Kiingereza. Halafu saa kumi jioni, mchapaji wa mabango anasubiri faili, mtu anakumbuka kwamba watakaosoma ni Waswahili. Hapo ndipo unasikia jina lako likiitwa kutoka mwisho wa korido. "Tugeuzie hii fasta." Nimegeuza sana. Nimeandika "Pata uzoefu wa tofauti", Mungu anisamehe. Nimeandika "Furahia zaidi" kwa bidhaa nne, mojawapo saruji. Nani anafurahia saruji? Saruji unainunua mfuko mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi, ukiombea mvua isiinyeshee.

Maandishi yakitoka Nairobi yalikuwa na shida yake nyingine. Yanakuja kwa Kiswahili tayari, watu wa akaunti wanadhani hakuna kazi, kumbe mama wa kwenye redio anasifu maziwa mala, na Dar hayo ni mtindi. Au anaomba dania sokoni Ilala, ambako angeambiwa giligilani. Siyo kosa la Wakenya, wameandika kwao kwa lugha yao. Kosa ni la aliyefikiri sikio la Eldoret na la Temeke ni moja.

Gumu kuliko yote lilikuwa kibali. Mstari wa Kiswahili ulipaswa urudishwe kwa Kiingereza ili bosi wa mteja, mara nyingi yuko Nairobi au Johannesburg, ajue anachosaini. Maneno yakirudishwa hivyo, utani unafika umekufa. Anasoma, hacheki, anauliza kwa nini jina la bidhaa halimo. Ilinichukua miaka kujua cha kufanya: usimpe tafsiri, mpe maelezo. Mwandikie mstari huu anausema nani, wapi, akimwambia nani, na msikilizaji anakumbuka nini akiusikia. Na uambatanishe sauti ya mtu akiutamka, siyo maandishi matupu. Bosi asiyejua Kiswahili anaweza kusikia kama mtu anaongea au anasoma.

Novemba 2015 nikaitwa kwenye usaili wa kampuni nyingine, kubwa, yenye bustani mbele. Nilipewa jaribio: mawazo matatu ya mchele wa pakiti, na skripti za redio, siku tatu. Nilijifungia. Nikapeleka nakala nzuri iliyojalidiwa, nikaielezea mbele ya watu wanne, wakapiga makofi. Mmoja wao alinisindikiza hadi getini. Moja ya mawazo hayo lilikuwa na mstari huu: "Jirani akinusa, ongeza sahani."

Kimya. Nikapiga simu mara mbili, naambiwa nafasi imesimamishwa.

Aprili mwaka uliofuata nilikuwa kwenye daladala la Tandika, redio imefunguliwa, nikausikia. Neno kwa neno, sauti ya mwanamke mtu mzima, sufuria inasikika ikifunuliwa. Abiria wa mbele yangu alicheka, akamgeukia mwenzake akaurudia. Nilitaka kumgusa bega nimwambie ni wangu. Nikashuka vituo viwili kabla ya kwetu, nikatembea.

Nilipomsimulia shangazi, aliuliza kitu kimoja tu. "Mliandikishiana?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mwanangu, umewatunza." Akaendelea kukanda unga wake.

Nilitaka kushtaki. Mwanasheria mmoja, mume wa rafiki yangu, alinieleza bila kunilipisha kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe iliyotungwa, wazo tupu haililindi, na mimi kwa mstari wa maneno manne, bila barua pepe, bila tarehe, bila saini ya aliyepokea, nisingefika mbali. Kwa hiyo sasa nawaambia wadogo zangu hivi. Jaribio siyo dhambi, kampuni ina haki ya kuona unafikirije. Ila uliza kama bidhaa ni ya mteja wao wa kweli. Kama ndiyo, omba ufanye ya bidhaa ya kubuni, na sijawahi kuona mtu mwenye nia njema anakataa hilo. Tuma kwa barua pepe, jina lako na tarehe kila ukurasa. Ukienda kuelezea ana kwa ana, onyesha kwenye kompyuta yako na uondoke nayo. Mimi niliwaachia nakala iliyojalidiwa. Ya rangi! Sh 14,000.

Ule usaili ulionipa kazi ulikuwa Februari 2016, miezi miwili kabla ya hilo la daladala, kwa hiyo nilikuwa bado sijajua nimeibiwa na nilikwenda na roho nyeupe. Mikocheni. Mkuu wa ubunifu alikuwa mtu mzima wa Tanga, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliyapitia mawazo yangu ya kubuni taratibu, hasemi kitu. Alipomaliza akayafunga.

"Mama, umewahi kuandika kitu mtu akatoa hela mfukoni?"

Nikafikiria ile kampuni ya Kijitonyama. Ya kule nilitafsiri tu, na hakuna aliyewahi kutuambia kama saruji iliuzika. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikasema, kama mtu anayeungama, "Dawa ya panya."

Akaweka kalamu chini. Nilikuwa nayo kwenye simu. Alipoisikia alifungua mlango akawaita wawili kutoka studio, akaniambia nirudie. Akauliza kwa nini nimesema "kala" na siyo "amekula". Nikamweleza habari ya hatua saba, kwamba "amekula" mara tatu ni nusu hatua nzima, na kwamba mke anayemlalamikia mumewe habari za panya hasemi "amekula". Tuliongea saa nzima na CV yangu hakuifungua.

Waliniambia mshahara ni laki sita. Nilikubali palepale, hata kabla hajamaliza sentensi, nikampigia shangazi nikiwa ngazini. Mwisho wa mwezi ikaingia 480,000 na chenji. Sikujua tofauti ya mshahara wa mkataba na wa mkononi: NSSF wanachukua asilimia 10 yako, mwajiri anaweka yake, na kodi inakatwa kabla hujaiona. Mwaka uliofuata Bodi ya Mikopo nao wakanifikia, asilimia 15. Kabla hujasema ndiyo, uliza hiyo ni kabla au baada ya makato, uliza bima ya afya, na uliza habari ya usafiri wa usiku. Hili la mwisho nalisisitiza kwa wanawake. Miezi mitano nilikuwa najilipia bodaboda kutoka Mikocheni saa saba usiku, elfu kumi kila safari, kumbe kuna fomu ya kudai fedha hiyo na kila mtu wa akaunti alikuwa anaijaza. Hakuna aliyenificha. Sikuuliza.

Kazi yenyewe niliipenda, sitasema uongo. Kuna siku unakaa na msanii wako, mmeshindwa tangu asubuhi, mnakwenda kunywa chai, na mstari unatokea ukiwa unapuliza kikombe. Lakini kuna pichi. Mteja mkubwa akitaka kampuni mpya anaita kadhaa, anawapa brifu moja, wiki tatu, na kila mmoja anapika kampeni nzima bure kwa matumaini. Atashinda mmoja. Nimelala kwenye kochi la ofisi, nimekula pilau la jana, nimekosa msiba wa mama mdogo kwa pichi tuliyokuja kushindwa. Hilo la msiba bado linaniuma, na mkuu wangu alinipa ruhusa, ni mimi niliyesema nitabaki.

Mwaka 2018 mteja wetu mkubwa naye aliitisha pichi, na tukashindwa. Sikuwa najua kwamba yeye peke yake alikuwa analipa zaidi ya nusu ya mishahara yetu. Wiki sita baadaye tuliitwa mmoja mmoja, watu kumi na mmoja. Ndiyo maana sasa kwenye usaili swali langu la kwanza ni hili: mteja wenu mkubwa ni nani, na mkataba wake unaisha lini? Wengine hushtuka. Wanaojibu vizuri nawaheshimu.

Ukipunguzwa, usisaini kitu siku hiyohiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa notisi isiyopungua siku 28 kama unalipwa kwa mwezi, au fedha badala yake, na ukiwa umemaliza mwaka kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili. Ukiona umeachishwa kwa uonevu, una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wenzangu wawili walikwenda siku ya arobaini.

Nikawa fundi wa kujitegemea. Ningeandika kurasa kumi kuhusu miaka ile mitatu, ila zote zingekuwa neno "malipo yanashughulikiwa". Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya Sh 1,800,000, skripti sita na usimamizi wa kurekodi. Nililipwa baada ya miezi mitano, ikaja 1,710,000. Nikapiga simu kwa hasira kuuliza 90,000 yangu. Mhasibu, kijana mpole, akanieleza kuwa ni asilimia 5 ya kodi ya zuio, na kwamba nilipaswa kuomba hati yake ili niihesabie kwenye kodi yangu mwisho wa mwaka. Nilikuwa sijawahi kuomba hati hata moja. Na kuhusu kuchelewa: kampuni inasubiri kulipwa na mteja, wewe unasubiri kampuni, na kama huna LPO mkononi, ile hati ya kampuni ya kuagiza kazi, hata foleni hiyo humo. Nilikuja kuweka sheria mbili nyumbani kwangu. Siandiki neno bila LPO, na nusu inakuja kabla. Nilipoteza wateja watatu kwa sheria hizo. Wawili kati yao, nasikia, bado wanadaiwa na watu wengine.

2020 kazi zilikauka, matamasha na uzinduzi vikafutwa, nikarudi Kariakoo kurekodi. Bei ilikuwa imepanda, elfu kumi.

Mwaka 2021 yule mzee wa Tanga alinipigia, ana kampuni nyingine, anataka mwandishi mwandamizi. Nilimwambia nina sharti moja na halihusu mshahara: brifu ikija, niwe mezani, na mawazo yaanze kwa Kiswahili. Sitageuza kitu saa kumi jioni. Akacheka, akasema tutajaribu, ila watu wa akaunti watanichukia. Walinichukia kama miezi minne.

Mfano mmoja, kisha niache. Tulipata kazi ya akaunti ya akiba kwa akina mama wafanyabiashara. Brifu ilijaa kukuza ndoto na kuwezeshwa. Nikaomba siku mbili, nikaenda soko la Tandika, ambako wananijua kama mtoto wa yule mama wa maandazi. Sikuuliza habari za benki. Niliuliza hela inawatoka lini. Hakuna aliyetaja ndoto. Walitaja Januari: ada, sare, madaftari, kodi ya fremu, vyote kwa pamoja, na wengi ndiyo kwanza wametoka kuvunja kibubu kwa sikukuu. Mama mmoja wa nyanya akasema hela mkononi ina miguu, yeye kuanzia katikati ya mwaka humpa dada yake amfichie. Nikarudi na mstari wa maneno matatu: "Januari inaanza Juni."

Bosi wa mteja, aliyekuwa nje ya nchi, aliukataa mara mbili. Alisema unachanganya kalenda. Mara ya tatu sikutuma maandishi. Nilituma sauti ya yule mama wa nyanya, kwa idhini yake na baada ya kumlipa, akieleza kwa nini humpa dada yake hela Juni, na maelezo mafupi kwa Kiingereza chini yake. Ukapita. Ulirushwa redioni kwanza, mabango yakafuata, nami kwa mara ya kwanza sikulazimika kueleza chochote kwa mtu yeyote wa Dar.

Siku hizi mimi ndiye ninayeletewa CV. Bado zinakuja za kurasa tatu. Kijana mmoja mwaka jana alikuja na simu tu, akanionyesha mabango ya saluni, ya fundi magari na ya kuku wa kienyeji, yote ameandika yeye kwa majirani zake huko Gongo la Mboto. Moja lilikuwa na kosa la tahajia. Nilimwuliza fundi magari amesemaje. Akasema fundi ameomba namba ya simu iwe kubwa zaidi, kwa sababu watu wanaisoma wakiwa wanasukuma gari. Alianza Jumatatu, kwa mshahara, siyo kwa kujitolea. Hilo lilikuwa sharti langu la pili na halikuwa jepesi kulipata.

Mwezi uliopita nilikuwa Mbagala Rangi Tatu nasubiri gari, nikasikia panya. Sauti yangu ya miaka zaidi ya kumi iliyopita, imenakiliwa mpaka imekwaruza, iko kwenye spika iliyofungwa juu ya baiskeli. Kala sabuni, kala kitenge. Ilipofika mwisho, palepale penye "mia tano", mtu alikuwa amenikata, akapachika sauti ya kiume: "Buku tu!" Bei imepanda. Nikamwacha apite, nikihesabu hatua za mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa anakuja upande wake. Alisimama kwenye ya tano.